Mitungi Mikavu: Historia ya Kisu na Moto katika Malezi ya Mimea Ilayo Wadudu

Miongoni mwa mimea yote iliyopata kuwashughulisha wanadamu, michache imezusha mshangao na hitilafu ya rai kama ile iliyojaaliwa mitungi: mimea ambayo jani lake, au ncha ya jani lake, limepata umbo la chombo chenye mdomo, tumbo na kifuniko, ili kiwavute wadudu kwa utamu, kiwazamishe katika maji yake, na hatimaye kipate katika miili yao chakula ambacho udongo fukara wa makazi yake hauwezi kukitoa. Juu ya mimea hiyo yameandikwa mengi, lakini liko swali moja ambalo kila anayeilea hulikabili kabla ya mwaka wake wa kwanza kutimia, nalo ni hili: mtungi ukiisha kukauka, ukatwe au uachwe ulivyo? Wapo wasemao kwamba kilichokufa ni uchafu, na uchafu haufai kukaa pamoja na uhai; na wapo wasemao kwamba mmea wa mwituni hauna mtu wa kuukata, nao umeishi vizazi na vizazi bila ya makasi. Kila kundi lina hoja yake, na kila kundi, kwa rai yangu, limesahau kuuliza mmea wenyewe umetoka nchi gani, na huko utokako ni nani aliyekuwa akiifanya kazi ya kuondoa kilichokufa. Jibu la swali hili limo katika historia kabla ya kuwamo katika ustadi wa mkono.

Historia hiyo, kwa upande wa maandishi, huanzia jirani na kwetu. Bukini, yaani Madagaska, kisiwa ambacho vyombo vya pwani yetu vilikizuru kwa karne nyingi kwa biashara, kina ufuo wa kusini-mashariki wenye vinamasi na mchanga, na huko ndiko Wafaransa walikojenga ngome yao ya Fort-Dauphin mwaka 1643. Liwali wao Étienne de Flacourt, aliyefika mwaka 1648 na kuondoka mwaka 1655, alikuwa mtu wa vita na amri, lakini alikuwa pia na jicho la kuona na subira ya kuandika. Na katika kitabu chake juu ya kisiwa hicho, kilichotoka Paris mwaka 1658, alieleza mmea wa kimo cha kiasi cha futi 3, ambao kwenye ncha za majani yake huchukua kitu alichokidhania kuwa ni ua au tunda, chenye uwazi ndani kama chombo kidogo, na kifuniko chake juu. Aliviona vyekundu na vya manjano, vya manjano vikiwa vikubwa zaidi, na akapima kwa macho kwamba baada ya mvua kila kimoja hubaki na maji yapatayo nusu ya bilauri.

Lakini jambo lililonifanya nimtaje Flacourt kwanza ni habari aliyoiongeza baada ya hayo. Anasema kwamba wenyeji walichelea kuivunja mitungi ile, kwa kuwa waliamini ya kuwa mpita njia akiichuma, haikosi mvua kunyesha siku hiyohiyo. Yeye na Wafaransa wenziwe waliichuma, wala mvua haikunyesha. Na kwa maneno hayo akayafunga mazungumzo, kana kwamba kesi imekwisha na hukumu imetolewa. Mimi sioni kwamba ilikwisha. Sitetei itikadi ya mvua, kwa maana mvua ina sababu zake. Bali natazama adabu iliyokuwa ndani ya itikadi ile. Watu walioishi na mmea huo miaka na dahari walikuwa na neno la kuuzuia mkono wa mpita njia, na mgeni aliyekaa miaka michache akaona fahari kuuvunja mwiko huo mbele yao. Basi habari hii ya kale juu ya mitungi imebeba ndani yake swali letu: je, mkono wa mtu una haki gani juu ya chombo hiki, na lini?

Bara letu la Afrika halina hata aina moja ya mmea wa jamii hii ambayo wanachuoni huiita Nepenthes. Hukoma Bukini na Shelisheli upande wa magharibi, na kutoka hapo huruka bahari nzima mpaka Silani (Sri Lanka), Meghalaya ya India, rasi ya Malay na visiwa vya mashariki, ambako aina zake ni nyingi mno. Ile ya Shelisheli, iliyopewa jina la Nepenthes pervillei na mtaalamu wa mimea Blume mwaka 1852, huota Mahé na Silhouette tu, tena juu ya vilele vya mawe matupu ya matale, mahali ambapo mtu angedhani hapana cha kuulisha hata ukoka. Mizizi yake hujipenyeza katika nyufa za mwamba, na juu ya mwamba mmea hujitandaza kama jamvi, mitungi ya mwaka huu ikiwa kijani na wekundu juu, na ile ya miaka iliyopita ikiwa kahawia na myeusi chini yake, imelaliana tabaka kwa tabaka. Hapana anayeikata. Inavunjika kwa pepo za kusi, inalowa, inaoza, na katika nchi isiyo na udongo, uozo huo haupotei bure, kwani hushuka katika nyufa zilezile zilizoishika mizizi. Ndani ya mitungi iliyo hai kuna viluwiluwi vya mbu na utitiri ambao makazi yao ni maji hayo. Bibi Marianne North, mchoraji wa Kiingereza aliyezunguka dunia akichora mimea mahali ilipoota, alifika Shelisheli mwaka 1883 na kuuchora mmea huu ukiwa katika maua. Na yeyote anayetaka kujua mmea usioguswa na kisu una sura gani, asianze na picha za vitalu bali aanze na kilele cha mwamba kama hicho.

Katika nchi za mashariki ya Bahari ya Hindi mkono wa mtu uliugusa mmea huu, lakini kwa haja nyingine. Huko Silani, ambako Wasinhala huuita bandura, mashina yake marefu yalikatwa yakatumika kama kamba za kufungia. Na katika nchi za Malay mitungi mibichi huoshwa, hutiwa mchele wa kunata na tui la nazi, ikapikwa kwa mvuke, ukawa wali wa kuliwa pamoja na chombo chake. Katika kazi zote hizo kilichotakiwa ni kibichi na kizima. Kilichokauka hakikuwa na mteja, kwa hiyo kiliachwa msituni.

Kukata kilichokauka, kwa hiyo, si desturi ya nchi zilikozaliwa Nepenthes. Ni desturi ya nyumba ya vioo, na nyumba ya vioo ina nchi yake na tarehe yake. Linnaeus alikwisha kuupa mmea huu jina lake la kitaalamu mwaka 1737, lakini jina na mmea hai ni mambo mawili. Mmea hai wa kwanza unaojulikana kufika Uingereza uliletwa na Sir Joseph Banks kwenye bustani ya Kew mwaka 1789, na kwa muda wa miaka hamsini baadaye kuwa nao kulibaki jambo la wachache. Kilichoubadili mwendo wa mambo ni vitu viwili visivyokuwa mimea kabisa. Cha kwanza ni sanduku la kioo lililobuniwa na daktari wa London, Nathaniel Ward, ambaye alitambua kwamba mmea uliofungiwa ndani ya kioo hujirudishia unyevu wake wenyewe, na mwaka 1833 akasafirisha mimea katika masanduku yake mpaka Sydney ikafika salama; tangu hapo miche iliweza kuvuka bahari bila ya kuuawa na chumvi na upepo. Cha pili ni kufutwa kwa kodi ya vioo nchini Uingereza mwaka 1845, ambako kulikishusha kioo kutoka cheo cha anasa hadi kikawa kitu cha kujengea.

Katika miaka hiyohiyo ya 1840 Thomas Lobb, mtumishi wa vitalu vya ukoo wa Veitch, alituma kutoka mashariki Nepenthes rafflesiana, yenye mitungi minene yenye madoadoa mekundu, na macho ya matajiri yakafunguka. Kitalu cha Veitch kilianzia Devon, na tangu 1853 kikawa na tawi mashuhuri huko Chelsea mjini London, katika barabara ya King's Road. Na hapo, kwa muda wa takriban miaka sitini, ndipo palipokuwa soko kuu la mitungi duniani. Walitumwa watu mpaka Borneo, Sumatra na Bukini. Charles Curtis alipelekwa Morisi na Bukini mwaka 1878, naye akautuma Chelsea mmea uleule aliouona Flacourt. F. W. Burbidge aliupanda mlima Kinabalu akatoka na Nepenthes rajah, ambayo mtungi wake mkubwa huchukua zaidi ya lita 2. John Dominy, fundi wa kuchanganya mbegu katika kitalu hicho, alikwisha kuoa aina mbili pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kupata chotara wa kwanza wa Nepenthes aliyefanywa kwa mkono wa mtu. Baada ya yeye walifuata machotara wengine kwa makumi.

Mtu na aifikirie hali ya nyumba ya vioo ya kitalu kile. Ndani yake mlikuwa na mabomba ya maji ya moto yaliyopashwa kwa makaa ya mawe usiku na mchana, hewa nzito yenye unyevu, mimea imetundikwa darini katika vikapu vya mbao, na joto la nchi za ikweta limefungiwa katikati ya theluji ya London. Katika hali hiyo Nepenthes hukua upesi, na ikikua hugeuka kuwa mtambaazi: shina hurefuka, huparamia mpaka kwenye kioo cha paa, majani ya chini hufa moja baada ya moja, na mitungi hupungua ukubwa na idadi, mpaka mwenye mali anabaki na kamba ndefu kavu yenye kishungi cha majani juu. Hapa ndipo kisu kilipopata haki yake. Mtunza bustani alilikata shina, na macho yaliyolala karibu na mzizi yakaamka, yakatoa machipukizi manene yenye mitungi mikubwa ya chini, ambayo kwa aina nyingi ni mizuri kuliko ile ya juu. Kile kipande kilichokatwa kilichomekwa katika kigoga cha vinamasini, kikawa mche mpya wa kuuzwa. Upogoaji wa shina ulikuwa hikima ya kweli, na hata leo anayelea Nepenthes bila ya kuthubutu kulikata shina lililozeeka ataishia kuwa na kamba ndani ya nyumba.

Lakini kisu kikiisha kuzoea mkono, hakijui kukoma. Mimea ya Chelsea ilikuwa bidhaa, nayo ilipelekwa maonyeshoni kushindanishwa mbele ya waamuzi na wanunuzi. Na bidhaa yenye doa la kahawia ina bei pungufu. Fauka ya hayo, katika nyumba iliyofungwa isiyopata upepo, jani lililooza huzaa ukungu, na nyuma ya vikonyo vikavu hujificha vidung'ata na vidugamba wanaofyonza utomvu. Kwa sababu hizo, zote mbili za haki katika mahali pake, ikawa ada kuuondoa mtungi mara mdomo wake uanzapo kunyauka. Ada hiyo ikatoka katika nyumba za vioo za matajiri ikaenea mpaka kwenye dirisha la mtu wa kawaida mwenye chungu kimoja, ambaye hana maonyesho ya kwenda wala mteja wa kumpendeza.

Nani angeweza kuwaambia kwamba wanakosea? Walioanza ada hiyo hawakujua kwa yakini mtungi unafanya kazi gani. Ilikuwa mwaka 1874, katika mkutano wa wanasayansi wa Uingereza uliofanyika Belfast, ndipo Joseph Hooker, mkuu wa bustani ya Kew, alipotoa hotuba yake juu ya mimea ilayo nyama, akaeleza jinsi alivyotia katika mitungi ya Nepenthes vipande vya ute wa yai, nyama mbichi na gegedu, na jinsi pembe za vipande vya yai zilivyokuwa zimeliwa na kulainika baada ya saa 24. Aliona pia kwamba maji yaleyale yakitolewa na kutiwa katika chupa, nguvu yake hupungua sana. Basi kazi ile ilikuwa ya mtungi ulio hai, unaoendelea kumimina maji yake kila windo linapoingia, wala haikuwa ya maji peke yake. Mwaka uliofuata Charles Darwin akatoa kitabu chake juu ya mimea ilayo wadudu, na shaka ikapungua.

Yeyote aliyeyasoma hayo kisha akautazama mtungi unaokufa kwa karibu, hataufanyia haraka. Kifo chake huanzia juu. Kifuniko hukunjamana kwanza na kugeuka rangi ya majani ya chai yaliyopikwa. Kisha mdomo wenye miraba, ule uliokuwa ukiteleza kwa utamu, hukauka na kupoteza kung'aa. Na kahawia ile hushuka polepole, wiki kwa wiki, ikiwa na mstari wa manjano mbele yake. Chini ya mstari huo tumbo ni kijani, lina maji, na ndani ya maji mna mabaki ya sisimizi ambayo hayajamalizika kuyeyuka. Mmea ungali unayala. Aidha, jani linapozeeka mmea huvuta kutoka humo sehemu ya chakula ulichokiweka na kukirudisha katika shina, na kazi hiyo haimaliziki siku moja. Kuukata mtungi kwa sababu mdomo wake umegeuka rangi ni kuuondolea mmea chakula ambacho umekwisha kukitolea gharama. Tena lile bapa la jani ambalo mtungi umening'inia kwenye ncha yake huishi muda mrefu baada ya mtungi kufa, likipokea nuru na kulisha shina. Anayeliondoa pamoja na mtungi hukata mara mbili.

Kitalu cha Veitch cha Chelsea kilifungwa mwaka 1914, Sir Harry Veitch akiwa mzee asiye na wa kumrithi, na vita vilivyokuja vikayapandisha makaa bei na kuzizima nyumba nyingi za joto. Machotara wengi waliozaliwa humo walipotea wasionekane tena. Ada ya kisu haikupotea.

Sasa ni lazima tuvuke bahari nyingine, maana liko kundi la pili la mimea yenye mitungi, nalo halina uhusiano wa nasaba na la kwanza, wala historia yao si moja. Hili ni la Amerika ya Kaskazini, nalo huitwa Sarracenia, kwa heshima ya Michel Sarrazin, tabibu wa Quebec. Mitungi yake haining'inii kwenye ncha ya jani, bali jani zima ni mtungi, nao huinuka wima kutoka kwenye tunguu lililolala juujuu ya ardhi, mithili ya tarumbeta zilizosimamishwa katika nyasi. Mark Catesby, aliyeiona Carolina mwanzoni mwa karne ya 18, alidhani kwamba mitungi hiyo ni maficho ya wadudu wanapowakimbia vyura, dhana ya huruma lakini iliyopinduka juu chini. William Bartram, mwaka 1791, aliandika kwamba wadudu hunaswa humo, ingawa hakuwa na hakika kama mmea unawala. Na mwaka 1815 daktari James Macbride wa South Carolina aliwatazama nzi kwa subira mpaka akaeleza jinsi wanavyovutwa na utamu wa mdomoni, wanavyokosa pa kushika, na kuteleza wasirudi.

Hawa wote waliutazama mtungi, na haki yao, lakini hawakuipa nchi yenyewe nafasi ya kutosha katika maelezo yao. Nchi ya Sarracenia, kutoka Virginia mpaka Texas kwa njia ya pwani, ilikuwa sehemu ya msitu mkubwa wa misonobari ya majani marefu, uliokadiriwa kufikia hekta milioni 37 kabla ya kuja Wazungu, msitu mwangavu wenye miti iliyoachana na nyasi chini yake. Na msitu huo uliwekwa katika hali hiyo na moto. Radi za kiangazi ziliuwasha, wenyeji wa kwanza wa nchi waliuwasha kwa ajili ya windo na mashamba, na walowezi wa baadaye wakauwasha kwa ajili ya malisho ya ng'ombe. Basi kila baada ya miaka michache moto wa chini, upitao upesi katika nyasi bila ya kuishika misonobari mikubwa, ulivikumba vinamasi vya msitu huo na kuondoa kila kilichokauka.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyeiona mbuga ikichomwa mwishoni mwa kiangazi hana haja ya kuelezwa sana. Mitungi ya mwaka uliopita, iliyosimama mikavu kama karatasi, huwaka kwa mara moja, na pamoja nayo huungua vichaka vilivyokuwa vikianza kuitia kivuli. Tunguu, likiwa limo katika udongo uliolowa maji, halidhuriki. Baada ya wiki chache, katika ardhi nyeusi iliyofunguliwa jua, hutoka maua na mitungi mipya, minyoofu, yenye rangi kali, kwa wingi usioonekana katika uwanja usiochomwa. Kwa mmea huu kuondolewa kwa kilichokufa kulikuwa sharti la maisha, na aliyekuwa akikiondoa ni moto.

Kisha wakaja watu wenye nia njema waliouchukia moto. Baina ya 1928 na 1931 jumuiya ya misitu ya Marekani ilituma magari katika majimbo ya Georgia, Florida na Mississippi, yakiwa na filamu na wahubiri wa kuwafundisha wakulima kwamba kuchoma msitu ni dhambi na ujinga. Na mwaka 1944 serikali ikatoa picha za dubu mwenye kofia akiwausia watu wote kuuzuia moto. Herbert Stoddard, aliyekuwa akichunguza kware wa nchi hizo, aliandika katika kitabu chake cha 1931 kwamba bila ya moto nchi ile itaharibika, lakini sauti yake ilichukua miaka mingi kusikika. Ilikuwa mwaka 1962 ndipo kituo cha Tall Timbers cha Florida, alichoshiriki kukiasisi, kilipofanya mkutano wake wa kwanza juu ya elimu ya moto na viumbe. Katika muda huo vichaka vilimea, kivuli kikaingia, maji yakafyonzwa na mizizi ya miti migeni, na mahali palipokuwa na maelfu ya mitungi pakabaki michache iliyopauka. Ukiongeza mitaro ya kukausha ardhi, mashamba ya miti ya karatasi, na wachumaji waliokata mitungi mizuri kwa magunia na kuiuza kwa watengeneza mashada ya maua, utaelewa kwa nini vinamasi hivyo leo ni mabaki ya mabaki. Walioyakomboa yaliyosalia wameyakomboa, kwa sehemu kubwa, kwa kuurudisha moto.

Hapa historia yatupa jibu la nusu ya swali letu. Anayelea Sarracenia katika chungu hawezi kukichoma chungu. Basi makasi yake yamesimama mahali pa moto ule. Mwishoni mwa baridi, kabla ya machipukizi kuinuka, aikate mitungi mikavu ya mwaka uliopita karibu na tunguu, bila ya kuligusa tunguu lenyewe, ili jua lifike chini. Akiupasua mtungi mmoja aliokata ataona ndani yake tope jeusi lililoshindiliwa, la mbawa za nyigu, vichwa vya nzi na magamba ya mende, na atajua mmea umekula nini mwaka mzima. Lakini aikate mikavu tu. Iliyo kijani bado ni jani lifanyalo kazi.

Na hata huko penye moto halali, kilichokufa si tupu. Wako nondo wadogo wa jamii ya Exyra ambao maisha yao yote yamo katika mitungi ya Sarracenia: nondo mzima hukaa ndani bila ya kuteleza, kiwavi wake huufunga mdomo kwa hariri na kuula mtungi kwa ndani, na majira ya baridi huyapitisha humohumo, katika mtungi mkavu. Anayechoma kinamasi chote kwa siku moja huwachoma nao, ndiyo maana walinzi wenye maarifa huchoma sehemu na kuacha sehemu. Na iko aina moja, Sarracenia purpurea, iliyoenea kaskazini mpaka vinamasi vya baridi vya Kanada, ambako moto si kawaida. Mitungi yake hukaa chini, huwa wazi kupokea mvua, na hudumu zaidi ya mwaka mmoja. Maji yake huganda barafu wakati wa baridi, na ndani ya barafu hiyo hulala viluwiluwi vya mbu aitwaye Wyeomyia smithii, wakisubiri jua la masika. Kuipa aina hii sheria ya makasi ya kusini ni kuihukumu kwa kosa la ndugu yake.

Basi rai yangu ni hii. Mwenye Sarracenia ndefu za kusini, na akate kila mwaka kabla ya chipukizi, kwa moyo mweupe, maana anafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na moto tangu zamani. Mwenye Sarracenia purpurea, na aache mpaka mtungi uwe umekauka wote. Mwenye Nepenthes, na alikate shina likizeeka, lakini mtungi auache mpaka kahawia imeshuka hadi chini na maji yamekwisha, kisha auondoe mtungi peke yake na kuliacha jani. Wala asione haya kwa kuwa na mitungi mikavu, isipokuwa pale anapoona ukungu au vidung'ata, maana hapo chumba kilichofungwa kina haja ambayo kilele cha mwamba hakina. Na msafiri atakayejaaliwa kupanda vilima vya Mahé au kufika vinamasi vya kusini-mashariki mwa Bukini, namwomba asikate chochote, kibichi wala kikavu.